Kichwa Kisicho Chake

Fukusi wa mlimani, mdudu mdogo mwenye mkonga, hajui kuruka. Mbawa zake zimeshikana mgongoni kama mlango uliopigwa misumari, na maisha yake yote huyamaliza chini ya majani yaliyooza, kwenye mlima ule ule alikozaliwa bibi yake. Akijaribu kuvuka bonde, jua humkausha njiani. Ndiyo maana kila mlima una fukusi wake, na ndiyo maana Pini alipanda mlima mmoja kwa miguu, chekecheo mgongoni, akapepeta majani yenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi, akimtafuta mdudu ambaye binadamu hajampa jina.

Yeye mwenyewe jina la Pini alipewa na baba yake mkubwa. "Mwembamba, kichwa kidogo, na kazi yake kuchomeka wadudu ubaoni," mzee alisema mbele ya wageni, siku ya kwanza alipomwingiza kwenye makumbusho alikofanya kazi. Wageni wakacheka. Pini naye akacheka, maana angefanyaje? Baadaye akasoma, akapata udaktari wake wa elimu ya wadudu, lakini jina lile halikubanduka. Bawabu alimwita Daktari Pini, kwa heshima zote.

Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha fukusi. Ndiye pia aliyemlea Pini tangu baba yake mzazi, mchimba visima, alipofukiwa na kisima alichokuwa akikichimba. Nyumbani aliitwa Baba Mkubwa. Kazini, kuanzia kizingiti cha lango, alitaka aitwe Profesa. Siku moja Pini alijisahau akaita "Baba Mkubwa!" kwenye korido. Mzee akapita kama upepo, kisha akamwambia bawabu, "Hebu muulize yule binti anamtafuta nani."

Na Profesa alikuwa anapofuka.

Hakuna aliyejua isipokuwa Pini. Mzee alikuwa hodari wa kuficha. Alitembea karibu na ukuta kana kwamba anawaza. Aliinamia hadubini, akakodoa jicho, akasema, "Enhe, mwanafunzi, niambie unaona nini," na wageni wakadhani anamtahini. Pini alitaja alichokiona, mzee akaguna, "Angalau leo hujakosea," kisha akayaandikisha maneno yale kama yake. Miaka ikaenda hivyo. Fukusi wakapata majina, majina yakachapishwa, na kila chapisho lilikuwa na mwandishi mmoja.

Lakini kulikuwa na ahadi. Siku ya mazishi ya baba yake, Pini akiwa binti mdogo anayelia mpaka kwikwi, mzee alimshika bega mbele ya watu akasema, "Usilie. Siku utakayoleta fukusi mpya kutoka mlima uliopanda mwenyewe, jina utatoa wewe." Pengine alisema ili mtoto anyamaze. Mtoto akanyamaza, na akaishika ahadi ile kama watu washikavyo msahafu.

Sasa alikuwa amemleta. Mmoja tu, dume, mdogo kuliko punje ya mtama, mgongo wake una matuta kama shamba lililolimwa vizuri. Na jambo la ajabu kuliko yote: hakuwa na macho. Kwenye giza la majani macho hayamsaidii kitu, basi kizazi baada ya kizazi yalikuwa yamefifia mpaka yakaisha. Pini aliliona hilo kule kule mlimani kwa kioo cha mkononi, akaketi juu ya gogo bichi akacheka peke yake kwa furaha. Hakumwambia Profesa. Alitaka amwonyeshe mezani, taratibu, kama mtu anavyofungua zawadi.

Mdudu mkavu hawezi kupangwa miguu bila kuvunjika. Kwanza hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka alainike. Kanuni ya kwanza ya chumba kile, ambayo Profesa mwenyewe aliibandika ukutani enzi za macho yake, ilisema: mdudu mmoja, kisahani kimoja. Asubuhi ile Pini alimloweka fukusi wake, akaenda kuchota maji mengine. Aliporudi akamkuta Profesa amesimama mezani, kibano mkononi.

"Nimekulowekea na yule mwingine," mzee alisema. "Yule wa kawaida, wa bondeni. Tutawalinganisha."

Pini akatazama. Mzee alikuwa amemtumbukiza fukusi wa bondeni, mwenye mbawa na macho, mdudu aliyejaa kila kichaka, ndani ya kisahani kile kile. Hakuona kwamba tayari kina mdudu ndani.

Si neno, Pini alijisemea. Yeye angewatenganisha. Akavuta kiti, akaona sasa ndio wakati.

"Profesa, kuhusu jina."

"Jina gani?"

"La huyu wa mlimani. Uliniahidi nitatoa mimi. Ningependa apewe jina la baba."

Mzee akaweka kibano chini, taratibu.

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Ndugu yako."

"Ahaa!" Akacheka kwa pua. "Baba yako alichimba mashimo, na shimo la mwisho likamchimba yeye. Sayansi si kaburi la kila mchimba shimo, binti."

"Aliacha shule ili wewe usome."

"Aliacha shule kwa sababu alikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Usinitungie hadithi. Fukusi huyu atabeba jina la mama yako mkubwa, mke wangu. Anakufa yule, kama hujaona. Au kipofu humu ndani ni wewe?"

Pini akavuta kisahani karibu. Alihisi masikio yamepata moto. Alipoinama tena juu ya kisahani, akaona vichwa vyote viwili vimeachana na viwiliwili vyao. Hutokea. Maji yakizidi joto, kichwa cha fukusi huchomoka na mkonga wake kama kifuniko cha kalamu. Si aibu, mtu hukigundisha tu mahali pake, maadamu anajua ni cha nani.

"Vichwa vimetoka," alisema. "Niachie mimi nigundishe."

"Kwa mkono gani? Huo unaotetemeka kwa hasira? Toka hapo. Lete gundi."

Profesa akainama mpaka pua ikakaribia kuloa. Akapapasa kwa ncha ya kibano. Kiwiliwili alikipata vizuri, maana matuta yale aliyasikia kwa chuma kama kipofu asomavyo kwa vidole; hapo hakukosea. Kisha akapapasa kichwa, akakipata kimoja, akakiinua. Pini akakiona kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa na macho mawili meusi, mazima, yanang'aa.

"Profesa..."

"Nimekwambia mara ngapi, nikiwa na gundi mkononi unyamaze!"

Basi akanyamaza.

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kuliunda neno, limefika kwenye meno, likageuzwa likarudi. Na neno likirudishwa tumboni halikai bure. Profesa akakigundisha kichwa cha bondeni kwenye mwili wa mlimani, akapuliza, akarudi nyuma kwa fahari kama fundi cherehani aliyemaliza suti ya bwana harusi.

"Andika," akasema. "Mwili?"

"Mweusi, una matuta, mbawa zimeshikana."

"Mkonga?"

"Mrefu, umepinda kidogo."

"Macho?"

Pini alitazama ndani ya hadubini kwa muda. Angeweza bado kusema.

"Yapo, Profesa. Makubwa, yametokeza."

"Makubwa, yametokeza," mzee akarudia kwa kuridhika. "Andika hivyo. Huo utakuwa upekee wake: fukusi wa gizani mwenye macho makubwa. Wenzetu wa ng'ambo watashangaa."

Alipotoka kwenda kunywa chai, Pini alichukua kichwa kilichobaki, kile kisicho na macho, pamoja na mwili wa fukusi wa bondeni, akavitia ndani ya kichupa na kukifungia kwenye droo yake. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Jioni ile alikwenda nyumbani kwa Mama Mkubwa kama desturi. Mama Mkubwa hakutoka kitandani tena. Miguu ilikuwa imemkatalia. Huyu ndiye aliyemsuka Pini nywele asubuhi za shule, aliyemfundisha kusali, aliyemwambia kila mzee alipomchoma kwa maneno, "Mwache, mwanangu, ndivyo alivyoumbwa." Maneno hayo yalimfariji Pini utotoni. Alipokua akaanza kujiuliza kwa nini hakuna siku hata moja mama alipomwambia mzee anyamaze.

Mzee akatangaza habari mlangoni, kofia bado kichwani. Mama Mkubwa akafunika uso kwa viganja.

"Mimi? Mdudu wa Mungu aitwe kwa jina langu mimi?"

"Na halitafutika," mzee akasema. "Jina likishachapishwa, hata mfalme hawezi kulifuta."

"Pini wangu, njoo unishike mkono. Tushukuru."

Wakashikana mikono. Mama Mkubwa akasali kwa sauti yake nyembamba: "Ee Mungu, wewe uliyemwona mdudu huyu chini ya majani kabla yetu, ukamhesabu ukucha kwa ukucha, asante. Asante kwa mikono iliyomleta, na macho yaliyomtambua. Utulinde na uongo. Amina."

"Amina," akasema mzee.

"Amina," akasema Pini.

Andiko likachapishwa. Picha ya fukusi ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani mkabala na kitanda, ili Mama Mkubwa akiamka aione kwanza. Mwishoni mwa andiko, kwa herufi ndogo, palikuwa na shukrani: kwa msaidizi wangu, kwa kubeba chekecheo.

"Hongera, mbeba chekecheo!" Bwana Vipepeo alimpokea Pini kwenye korido. Huyu alikuwa mkuu wa chumba jirani, mtu mnene mwenye mzaha usioisha, aliyejiona amebarikiwa kwa kuwa wadudu wake ni wazuri wa sura. "Lakini nyie watu wa fukusi mna mambo. Watu wazima, na shahada zenu, mchana kutwa mnachungulia uchi wa madume ya fukusi ili mjue yupi ni yupi. Mimi nikitaka kujua kipepeo, namtazama usoni kwa adabu."

"Na ukimtazama usoni huyu wetu, utaona nini?" Pini akauliza.

"Macho. Makubwa! Kama ya mkwe aliyenyimwa nyama."

Akaenda zake akicheka. Huyu naye aliiona nakala ya picha ile kila siku kwenye ubao wa matangazo wa makumbusho.

Pini akangoja. Alidhani mtu fulani, mahali fulani duniani, atatazama picha ile na kuona mstari mwembamba wa gundi shingoni. Mvua zikaja, zikakatika. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeuliza. Ndipo alipotambua ukweli mchungu wa kazi yao: hakuna anayetazama. Fukusi yule angeweza kukaa na kichwa cha mwenzake mpaka siku ya kiyama. Kama uongo ule ungekufa, ingebidi uuawe na Pini mwenyewe.

Usiku alipiga magoti kama alivyofundishwa. Akamwambia Mungu habari zote za siku ile isipokuwa ile ya kichwa.

Asubuhi akakitoa kichupa, akamwita Bwana Vipepeo, akafunga mlango. Yule bwana akatazama picha, akatazama kichwa kisicho na macho, mzaha ukamtoka usoni.

"Mzee haoni," akasema polepole.

"Haoni."

"Na wewe uliona."

Pini akakirudishia kichupa kifuniko chake.

Bwana Vipepeo akakaa. Wote wawili waliijua sheria. Ikigundulika kwamba mdudu aliyepewa jina ameungwa kutoka kwa wadudu wawili, mtu wa kwanza kulitangaza ndiye huchagua jina likae na kipande kipi. Akichagua mwili, jina la Mama Mkubwa litaishi na fukusi wa mlimani, na kichwa kitatupwa nje ya hesabu. Akichagua kichwa, jina litamfuata fukusi wa bondeni. Na kwa kuwa huyo ana jina lake la tangu zamani, na la zamani ndilo litawalalo, jina la Mama Mkubwa litaandikwa chini yake kwa herufi ndogo, miongoni mwa majina yaliyokufa. Na fukusi wa mlimani atabaki hana jina, akingoja wa kumpa.

"Chagua mwili," Bwana Vipepeo akasema. "Utakuwa umesahihisha, na jina la mama litakuwa limebaki. Kila mtu atakunywa chai yake."

"Na baba yangu?"

"Baba yako amekufa, Daktari. Mama Mkubwa bado anasikia."

"Sayansi haiulizi nani anasikia."

"Hiyo sauti naijua," Bwana Vipepeo akasema akiinuka. "Hiyo si yako. Hiyo ni ya mzee."

Pini akaandika: kichwa.

Andiko lake la kwanza lilipotoka, mzee alipigiwa simu na mwenzake wa ng'ambo. Hakusema lolote kazini. Jioni akatuma neno kwamba Pini aje nyumbani, na aje na chapisho.

Alimkuta ameketi kando ya kitanda cha mkewe, mikono juu ya fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza Pini kuiona fimbo ile.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama akaitika. Mzee hakuitika.

"Soma," akasema.

"Nisome hapa?"

"Umeandika ili watu wasome. Mimi siwezi, na wewe wajua. Soma."

Angeweza kuruka mistari. Angeweza kusema kichwa kinaniuma, nitarudi kesho. Lakini alikuwa amevumilia miaka kupata siku hii, akasimama wima chini ya ile picha, akasoma kwa sauti ya darasani, bila kuharakisha. Akasoma kwamba kielelezo kile ni cha kuungwa. Akasoma habari za gundi. Akasoma kwamba jina lililotolewa na mwandishi aliyetangulia linahesabiwa kuanzia sasa kuwa jina lililokufa. Akasoma maelezo ya fukusi wa kweli.

"Rudia hapo," mzee akasema. "Pa macho."

"Macho: hayapo."

"Na siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza kama yapo. Kwenye kichwa ulichokigundisha yalikuwepo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka kwa mtoto asiyempenda.

"Jina?"

Pini akalisoma jina la baba yake. Alikuwa amelingoja tangu siku ya mazishi. Alidhani likitamkwa chumbani mle kuta zitasikia. Lilitoka kavu, kama majina mengine.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikagongagonga sakafu.

"Hongera! Mdudu asiye na macho, asiye na mbawa, anayezaliwa na kufa kwenye takataka bila kutoka kwenye mlima wake, ndiye uliyempa jina la baba yako. Mimi nilimtukana kwa mdomo, binti, na maneno ya mdomo hupeperuka. Wewe umemchapisha. Na hata mfalme hawezi kufuta."

Pini akalikunja chapisho.

Ndipo Mama Mkubwa aliposema. Alikuwa ameikazia macho picha ya ukutani muda wote huo.

"Pini. Uliona lini kwamba kichwa si chake?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Huyu mwache."

"Siku ile ile. Asubuhi."

"Asubuhi." Mama akafikiri. "Na jioni yake tukasali. Mimi nikaomba tulindwe na uongo, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe ukaitikia amina."

Nje, jirani alikuwa akiita watoto wake waingie ndani. Mzee alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani, kwenye mwanga kidogo aliobakiwa nao.

"Niitoe picha?" Pini akauliza hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Iache. Mdudu hana kosa." Mama Mkubwa akalamba midomo iliyokauka. "Nina kiu."

Pini akaukimbilia mtungi kama mtu aliyesamehewa. Akajaza kikombe, akakipangusa chini kwa kiganja, akapiga goti kando ya kitanda kama alivyofanya jioni zote, mkono mmoja tayari kuinua kile kichwa chepesi chenye mvi, mwingine ukipeleka kikombe mdomoni.

Mama Mkubwa akageuza uso.

"Weka mezani," akasema. "Nitakunywa ukishatoka."